UZI: Pedali za gita na besi kwa sisi tunaopiga hapa Mombasa

Besi wa Kisauni

Wambaje wakuu. Mwezi huu nimeulizwa swali moja na vijana wanne: "Ami, ninunue pedali gani?", yaani vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gita. Wa kwanza nilimjibu ndani ya matatu, sauti yangu ikashindana na spika za dereva nikashindwa. Wa pili alinishika kwenye feri ya Likoni, mimi nimebeba besi mgongoni, yeye maswali hayamwishi, na mbuzi wa mtu anatafuna kamba ya begi langu. Huyu wa nne nimemwambia atulie, naandika mara moja nyote msome. Uzi huu ni wa nyuzi basi, ziwe nne, tano au sita, karibuni.

Mimi napiga besi. Hoteli za Nyali na Diani, harusi za Majengo mpaka Mtwapa, na siku za mapumziko chakacha na wenzangu uani. Gita la solo nalipiga kwa kuombwa tu, ila nimesimama karibu na wapiga solo miaka mingi, nawajua kinachowaharibia sauti. Mara nyingi si kukosa pedali.

Pedali ya kwanza kununua ni tyuna, kile kipimo cha kulinganisha nyuzi. Najua haina raha, hakuna aliyepigiwa vigelegele kwa ajili ya tyuna. Lakini gita linatoka kwenye chumba chenye AC linaingia ukumbi wa makuti saa mbili usiku, joto na unyevu, nyimbo mbili tu nyuzi zimehama. Tyuna ya mguu ukiikanyaga inakata sauti, unazirudisha nyuzi kimyakimya wakati MC anataja majina ya wakwe. Kampuni ya Boss walitoa tyuna ya TU-2 mwaka 1998 na mpaka leo nakutana nazo zimebanduka rangi na zinafanya kazi.

Sasa zile za kukwaruza, ambazo ndizo vijana huanza nazo. Ziko tatu, ndugu wa baba mmoja. Zote hupandisha wimbi la sauti mpaka ligonge dari, vichwa vyake vikatwe. Tofauti ni mkono unaokata. Ovadraivu hukata kwa upole: ukipiga taratibu sauti inasafika, ukikaza vidole inakoroma. Distosheni hukata kwa nguvu na haijali umepiga vipi. Fazi hukata mpaka wimbi linabaki na pembe kama tofali.

Ovadraivu inayoigwa kuliko zote ni ile ya kijani ya Ibanez, Tube Screamer, ya mwisho wa miaka ya 1970. Siri yake ni kwamba inapunguza sauti nene na kunyanyua ile ya kati, kwa hiyo solo inapenya juu ya kinanda na ngoma bila kupandisha volumu. Kwa mpiga besi kitu hichohicho ni msiba. Uzi wa E wa besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, ule mnene wa gita mara 82. Pedali iliyotengenezwa kwa ajili ya gita ikianza kupunguza chini, sisi ndio tunaoishi huko chini. Unaikanyaga kwenye kiitikio ukitaraji kishindo, na bendi yote inasikika kama besi imetoka kwenda kununua soda. Ukitaka kukwaruza kwenye besi tafuta pedali yenye nobu ya kuchanganya, ambayo inaacha sauti yako safi ipite kando ya ile chafu. Boss ODB-3, ile ya manjano, inayo. Sauti yake chafu mimi binafsi siipendi, ni kama nyuki ndani ya debe, lakini ukichanganya robo chafu na robo tatu safi inakaa.

Fazi historia yake hunifurahisha. Mwaka 1961 ulitoka wimbo wa Marty Robbins uliorekodiwa Nashville, Marekani. Ndani yake Grady Martin anapiga besi ya nyuzi sita, na njia moja ya miksa ya studio ilikuwa mbovu, besi ikatoka imechanika. Hawakuifuta. Fundi wa sauti, Glenn Snoddy, alikwenda kubuni kisanduku cha kuuleta ubovu ule kwa kukanyaga, na mwaka 1962 Gibson wakakiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wapiga solo wakijigamba na fazi zao waambieni ilianza kwenye besi iliyoharibika.

Tahadhari kwa watu wa pwani: fazi za kizamani mfano Fuzz Face ya 1966, na nakala zake za bei mbaya, hutumia transista za jemaniamu. Jemaniamu haipendi joto. Jioni ya Julai ni asali, mchana wa Februari inakatikakatika. Chukua ya silikoni.

Korasi hutengeneza nakala ya sauti yako, huichelewesha kidogo mno, chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde, na kuiyumbisha juu chini. Wazee wa taarab hawahitaji kuelezwa. Fidla mbili zikipiga noti moja hazilingani kwa unywele, na kule kutolingana ndiko kunakojaza chumba. Boss walianza na CE-1 mwaka 1976, lidude kama sanduku la viatu. Kwenye besi korasi huyumbisha sauti nene mpaka watu wanahisi wako ndani ya dau. Zile za besi, kama CEB-3, zina nobu ya kuzuia sehemu ya chini isiguswe. Kama yako haina, itumie kwenye ballad moja tu usiku mzima, kisha iache.

Dilei nitaisema chini kwa sababu ni ndefu. Rivabu, ule mwangwi wa chumba kikubwa: ukumbi wa zege una yake ya bure, usiongeze. Kompresa: nawaachia wengine, mimi nina ubishi nayo.

Ulizeni.

Mtoto wa Tudor

Asante sana ami. Mimi ndiye yule wa kwenye feri 😅 mbuzi hakuwa wangu. Nimenunua distosheni kwa mtu anayehama, na nina dilei ndogo ya Kichina. Zikiwa pamoja kuna mlio "mmmmm" na juu yake kifilimbi chembamba. Distosheni peke yake kifilimbi hakuna. Nimeambiwa distosheni ni mbovu. Nirudishe?

Sebene Mtwapa

Tyuna ya kwanza? Bwana Besi, wewe unaongea kama mkaguzi wa magari. Kijana anataka sauti imtoe machozi wewe unampa kipimo. Tyuna iko kwenye simu, bure. Pedali ya kwanza kwa mpiga solo wa huku kwetu ni dilei, ya pili korasi. Sebene, lile gita la kukimbia la muziki wa Kongo, haina distosheni. Gita safi, kali, lina maji kidogo. Sikiliza wapiga solo wa Kongo wa miaka ya 80 na 90, vidole vinakimbia, kila noti unaihesabu. Ukitia uchafu pale noti zinashikana kama ubwabwa uliozidi maji.

Besi wa Kisauni

Tyuna ya simu inasikiliza kwa maikrofoni, yakhe. Ngoma ikianza kujaribiwa nyuma yako simu inatyuni ngoma. Kwenye dilei nakubali.

Haya, dilei, kwa sababu ndiyo inayokosewa kuliko zote. Inarudia ulichopiga baada ya muda uliouweka. Kama muda hauendi na wimbo, mwangwi unapigana na mpiga ngoma na watu wanakulaumu wewe. Hesabu yake ni ya darasa la sita: chukua 60,000 ugawe kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, jibu ni milisekunde za pigo moja. Mapigo 120, pigo moja ni 500. Ukiweka 500 mwangwi unaanguka juu ya pigo. Ukitaka ule unaoruka katikati, chukua robo tatu, yaani 375. Wapiga roki wengi huweka hiyo.

Sasa kijana anasoma hiyo 375 mtandaoni, anakuja nayo kwenye chakacha, vurugu. Chakacha haigawanyi pigo kwa nne, hugawanya kwa tatu. Tuseme mapigo makubwa ni 100 kwa dakika. Kila pigo ni 600, na ndani yake mna vipande vitatu vya 200. Weka dilei 400, vipande viwili, urudie mara mbili au tatu tu, volumu ya mwangwi iwe chini ya nusu ya sauti yako. Utasikia mwangwi unazunguka pamoja na ngoma, unaingia pale kiuno kinapogeuka. Weka 300 na utaona wachezaji wanasitasita, hawajui kwa nini. Nilifanya jaribio hilo kwa makusudi uani kwetu. Mama mmoja aliacha kucheza akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Kama pedali yako ina kitufe cha kugonga muda kwa mguu, gonga na ngoma uache hesabu. Ndogo nyingi hazina, ndiyo maana nimeandika.

Fundi Redio

Mtoto wa Tudor, usirudishe. Mimi si mwanamuziki, natengeneza redio na amplifaya, na nusu ya pedali ninazoletewa ni nzima. Mbovu ni kile zilichochomekwa.

Una mambo mawili. Kifilimbi kwanza. Naona umetumia adapta moja na ule waya wa mkia mmoja vichwa vingi. Dilei yako ni ya dijitali, ndani mna saa inayogonga kwa kasi kubwa, na kelele zake zinarudi kwenye waya wa pamoja. Distosheni kazi yake ni kukuza kila kinachoingia, basi inakuza na hiyo. Dawa ni kuzitenganisha, kila moja adapta yake, au upate ile pawa yenye matundu yaliyotengwa. Jaribio la bure: tia betri ya volti 9 kwenye distosheni, dilei ibaki kwenye adapta. Kifilimbi kikiondoka, umejua.

"Mmmmm" ni jambo jengine. Stima yetu inapiga mara 50 kwa sekunde. Wapiga besi wenyewe wataniambia, uzi mnene freti ya tatu ni noti gani?

Nyuzi Nne

G. Ni mara 49 kwa sekunde, karibu kabisa na hiyo 50. Ndiyo maana nikipiga wimbo wa G kanisani kwetu huwa nasikia kama kuna mtu ananisaidia halafu anakosea kidogo 😂

Fundi Redio

Ndiyo huyo. Shika gita, simama ulipo, kisha jizungushe polepole kama unatafuta kibla. Mvumo ukipungua upande mmoja na kuzidi mwengine, unaingia kwenye pikapu za gita (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) kutoka kwa transfoma au taa za karibu, pedali haina kosa. Pikapu za koili moja ndizo zinazoteseka zaidi. Sogea mbali na amplifaya. Usipobadilika, chomoa pedali moja moja mpaka umpate mwizi.

Jambo moja nawaomba kama ndugu. Kuna wanaokata ile pini ndefu ya plagi, ya ardhi, ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli. Na siku amplifaya ikiharibika ndani, stima itapita kwenye nyuzi za gita, vidole vyako, mdomo wako, hadi maikrofoni.

Nyuzi Nne

Nathibitisha. Hoteli moja, siitaji, soketi zao hazina ardhi kabisa. Niliinama kuimba kiitikio, mdomo ukagusa maikrofoni, niliona nyota. Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi. Siku hizi natembea na kile kijaribio kidogo cha soketi chenye taa tatu. Taa ikikataa, sipigi.

Sasa niseme la kompresa kwa kuwa Besi wa Kisauni ameikwepa. Napiga besi kanisani, na miezi sita ya kwanza fundi mitambo alikuwa anashusha sauti yangu kila nikipiga slapu (kugonga nyuzi kwa kidole gumba), halafu wimbo wa polepole sisikiki. Kompresa inashusha noti zilizopanda sana na kuziacha za chini zikaribie. Kama mwalimu anayemnyamazisha mwenye kelele ili yule mpole wa nyuma asikike. Niliweka uwiano (ukali wa kushusha) wa nne kwa moja, na nobu ya kuanza kazi (ataki) nikaiacha ichelewe kidogo ili kishindo cha kidole kipite kwanza. Toka siku hiyo fundi mitambo hajanigusa nobu. Kwa wapya: MXR Dyna Comp ina nobu mbili tu, na ni rahisi kuizidisha. Ukisikia AC ya ukumbi inapanda kati ya noti na noti, umezidisha.

Besi wa Kisauni

Ubishi wangu ni huu, dada yangu. Kompresa ikiwa kazini muda wote, vidole vinakuwa vivivu. Ukitaka kujua besi inasemaje bila kisanduku chochote, rudini kwa Les Wanyika msikilize Tom Malanga. Kila noti imepimwa kwa mkono. Lakini kwa kanisa lenye fundi mitambo mwenye wasiwasi, sawa, nakubali.

Nyuzi Nne

Tom Malanga ni Tom Malanga, ami. Mimi ni mimi 😄

Sebene Mtwapa

Na kwenye benga kompresa iacheni nyumbani kabisa. Lile gita la benga linataka kuuma.

Mtoto wa Tudor

Wakuu nimeharibu.

Nilijaribu betri kama Fundi alivyosema na kifilimbi kikaisha kabisa!! Nikafurahi. Nikasema ngoja nitafute adapta ya pili. Nyumbani kuna adapta ya ruta ya intaneti, kichwa chake kinaingia kwenye distosheni kama kimezaliwa humo. Nikachomeka. Haikuwaka. Kukawa na harufu kidogo. Nikarudisha adapta ya zamani, haiwaki. Nikatia betri, betri ikapata moto. Sasa iko mezani imekufa. Na mama anauliza mbona intaneti hakuna.

Fundi Redio

Pole. Rudisha kwanza adapta ya mama.

Umefanya makosa mawili kwa mpigo, na wengi hufanya, kwa hiyo wengine someni. Pedali nyingi za kawaida zinataka volti 9 za DC (stima ya upande mmoja, kama ya betri), na katikati ya kile kichwa ni HASI. Angalia mchoro mdogo chini ya pedali: duara, nukta katikati, na alama ya kutoa upande wa nukta. Adapta nyingi za ruta ni volti 12 na katikati ni CHANYA. Kichwa ni kilekile, ndiyo balaa. Umempa volti nyingi na umempa kinyumenyume.

Kuhusu miliampia watu huchanganyikiwa. Volti ni kama nguvu ya maji kwenye bomba, ikizidi mpira unapasuka, kwa hiyo ziwe sawasawa na maandishi. Miliampia ni tangi. Pedali huchota inachohitaji, tangi likiwa kubwa hakuna hasara, likiwa dogo ndiyo tatizo. Distosheni ya kawaida haifiki 10. Dilei ya dijitali huweza kula 50 mpaka 100. Mashine za kisasa zenye skrini 300 na hata 500. Na angalia isiwe AC (si kiyoyozi, ni stima ya kwenda na kurudi kama ya ukutani): zipo chache, kama ile dilei kubwa ya kijani ya Line 6, DL4 ya zamani, adapta yake inatoa AC ya volti 9. Ukiichomeka kwenye pedali ya DC utanitafuta.

Sasa pedali yako. Betri kupata moto ni habari njema. Pale mlangoni huwa mna diodi ya ulinzi, imekaa kinyume ili stima ikija vibaya ijitoe mhanga. Nadhani imekufa ikiwa imeshikana, inapitisha kila kitu, kwa hiyo betri inamwagika. Fungua skrubu nne za chini. Karibu na tundu la adapta tafuta kitu cheusi chenye umbo la mchele mnene, mstari wa fedha upande mmoja. Kimeandikwa 1N4001 au 1N4007. Ipige picha kabla ya kugusa chochote ili ujue mstari unatazama wapi. Leta Mwembe Tayari kwa fundi yeyote unayemwamini, ni kazi ya dakika kumi na kifaa cha shilingi chache.

Besi wa Kisauni

Na huku tunamsubiri, la kutu. Sijaona mtu wa bara anayelijua. Hewa ya hapa ina chumvi, na pedali ni mashimo matupu: matundu ya jeki, mlango wa betri, nobu. Nobu ikianza kukwaruza "krrr" ukiizungusha ni uchafu na kutu ndani. Pulizia dawa ya kusafishia miunganiko, ile inayokauka yenyewe, zungusha mara ishirini. Si mafuta ya cherehani! Kuna aliyetia, mchanga wote wa Bamburi ukaganda humo.

Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu vipya, msivitupe. Mimi nina kumi na moja ndani ya begi la pedali. Mke wangu akinunua viatu nakimbilia sanduku kabla yake.

Betri itoeni kama hampigi wiki nzima. Inavuja na kufanya ile kutu ya kijani kwenye kibanio. Halafu mjue kwamba tundu la kuingilia waya ndilo swichi: ukiacha waya wa gita umechomekwa, pedali iko macho usiku kucha hata taa ikiwa imezima. Besi zenye betri ni vivyo hivyo. Nimewahi kuzima katikati ya harusi, bwana harusi amesimama mguu juu.

Mgeni 47

Swali dogo. Mpangilio? Nina wa-wa (ile ya kukanyaga inayofanya gita lilie "wa-wa"), ovadraivu, korasi, dilei. Na watu wanabishana kuhusu tru baipasi.

Sebene Mtwapa

Hivyohivyo ulivyoandika. Gita, wa-wa, ovadraivu, korasi, dilei, amplifaya. Sababu: ovadraivu ikikaa baada ya dilei itakwaruza mwangwi pamoja na noti mpya, unapata uji. Dilei ikikaa mwisho inarudia sauti iliyokwisha kupikwa. Fazi ukiipata, iweke mwanzo kabisa, hata kabla ya tyuna.

Besi wa Kisauni

Hapo kwenye tyuna ndipo niliposema moyoni nitarudi, maana kuna kitu kinaitwa bafa. Waya mrefu hula sauti kali. Waya wa mita sita, pedali nne, waya mwengine wa mita sita, ukifika kwenye amplifaya gita linasikika limejifunika shuka. Tru baipasi maana yake pedali ikizimwa inakuwa waya mtupu, haiongezi wala haisaidii. Bafa huisukuma ishara ifike ikiwa na nguvu. Pedali za Boss, tyuna ya TU-2 ikiwemo, hubaki na bafa hata zikizimwa. Moja katika msururu yatosha. Fazi za kizamani ndizo zinazotaka kuonana na gita uso kwa uso bila bafa kati, ndiyo maana ndugu yangu amesema ikae mwanzo. Ubishi wote wa mtandaoni ni huo tu.

Wa-wa kwa wapiga besi: ile ya kukanyaga hupoteza chini, na mguu unachoka. Tafuteni ya kujiendesha, inayofunguka kwa nguvu ya kidole. Mu-Tron III ya 1972 ndiyo mama yao, na Bootsy Collins, mpiga besi wa Marekani, ndiye aliyeonyesha kazi yake kwenye besi.

Nyuzi Nne

Na msidharau mashine ya vyote ndani ya moja. Mimi nina Zoom B1 Four. Tyuna imo, kompresa imo, hata ngoma za mazoezi. Inatumia betri nne ndogo za rimoti au waya wa USB, stima ikikatika naendelea na mazoezi sebuleni kama hakuna kilichotokea. Tatizo lake: jukwaani ukitaka kubadili kitu kimoja unainama unabonyeza, na skrini ni ndogo kama stempu. Nimeweka sauti tatu tu nikafuta zilizobaki. Wanaume wa bendi wana mbao za pedali zinazobebwa na watu wawili, mimi yangu iko kwenye mkoba na bado nawahi feri ya kwanza.

Sebene Mtwapa

Hilo la mbao ni langu. Nimelisikia.

Mtoto wa Tudor

Wakuu nimerudi. Fundi alikuwa sawa kabisa. Diodi ilikuwa imepasuka katikati, unaona ufa kwa macho. Imebadilishwa nikiwa nimesimama, nikachomeka betri, taa nyekundu ikawaka, nusra nimkumbatie yule mzee fundi wa Mwembe Tayari. Amekataa kunitoza kazi, amenitoza diodi tu na kunipa moja ya akiba akisema "utarudia". Nimebandika plasta kwenye kila adapta nyumbani, nimeandika volti na katikati ni nini. Ya ruta nimeandika USIGUSE.

Jumamosi nina harusi Majengo, ya kwanza yangu. Chakacha zipo mbili kwenye orodha. Nimeweka dilei 400 na distosheni naiacha nyumbani. Ami, mapigo 100 ni kweli au bendi yenu huenda haraka zaidi?

Besi wa Kisauni

Huanza 100. Wakiingia kina mama uwanjani inafika 112, na hakuna anayeamua. Kwa 112 weka 357. Au punguza mwangwi uwe mmoja tu, hakuna atakayejua. Na beba betri mbili.